Anayeongoza Ndo Anapita: Tuache Kumlaumu Mpiga Kura, Tuiangalie Kanuni

Kila uchaguzi ukikaribia kuna sentensi moja lazima utaisikia: "usipoteze kura yako." Anaambiwa mtu ambaye ameshasema anampenda mgombea fulani wa chama kidogo, na anayemwambia wala sio adui yake, ni rafiki yake tu au dada yake wa tumbo moja, na wote wawili hawautaki uongozi uliopo, ila mmoja anasema nampigia ninayemwamini, mwingine anasema huyo hashindi, ukimpigia umewapa ushindi wale wale tusiowataka. Matokeo yakitoka vibaya ndo inakuwa balaa, lawama zote zinamshukia yule aliyempigia wa tatu, ataitwa msaliti, ataitwa mamluki, ataambiwa katuharibia. Hili jambo linaniuma kwa sababu huyo mtu hajafanya kosa lolote, kapewa karatasi kaambiwa chagua mmoja, na kachagua mmoja. Kinachofanya kura yake ionekane imepotea ni namna kura zinavyohesabiwa, na hiyo kanuni wengi wetu hatujawahi kukaa chini tukaiangalia vizuri.

Kanuni yenyewe ni fupi mno. Wagombea wako kwenye karatasi, kila mtu anaweka alama moja kwa mtu mmoja, kura zinahesabiwa, mwenye nyingi kuliko mwenzake yeyote kapita. Basi. Hakuna duru ya pili, hakuna kiwango anachotakiwa kufikisha, hakuna anayeuliza waliobaki wangemkubali nani. Kwa wabunge inafanyika jimbo kwa jimbo, kila jimbo kiti kimoja, na kwa rais ni kama nchi nzima imegeuka jimbo moja kubwa.

Sasa njoo kwenye meza ya kuhesabia. Tuseme kura ni 1,000 na wagombea wanne, karatasi zinafunguliwa moja moja, zinaonyeshwa kwa mawakala, zinawekwa kwenye mafungu. Fungu la kwanza linafika 310, la pili 300, la tatu 240, la nne 150. Wa 310 anatangazwa mshindi. Halafu tazama zile 690 zilizobaki pale mezani, zitaandikwa kwenye fomu ya matokeo na kazi yake ndo imeishia hapo, hazimpi mtu kiti, hazihamii kwa mwingine, hazijumlishwi na za jimbo jirani. Na wa kwanza angepata 900 bado angepewa kiti kile kile kimoja, kwa hiyo hata kwenye fungu la mshindi kuna kura za ziada ambazo hazina kazi. Ila kwangu mimi kubwa zaidi ni hili: ile karatasi haina pa kusema "huyu simtaki kabisa". Inawezekana kabisa wale watu 690 wote wanamwona wa fungu la kwanza ndo wa mwisho mioyoni mwao, na bado kapita, kihalali, bila kura hata moja kuibwa. Nasisitiza hilo la kuibwa kwa sababu tumezoea kudhani matokeo yakienda kinyume na wengi basi lazima kuna mtu kachezea masanduku. Mara nyingine masanduku yako salama kabisa, hesabu tu ndo imeleta hayo.

Mfano wa kweli, Uingereza, tarehe 4 Julai 2024, jimbo la South West Norfolk. Mbunge wa hapo alikuwa Liz Truss, aliyewahi kuwa waziri mkuu, na uchaguzi wa kabla yake mwaka 2019 alipita na asilimia 69. Safari hii akaangushwa na mgombea wa chama cha Labour kwa tofauti ya kura 630. Habari zote zilikuwa za kuanguka kwake, lakini angalia mshindi kapata ngapi: asilimia 26.7. Robo na kidogo. Truss alikuwa na 25.3, mgombea wa chama cha Reform kama 22, mgombea binafsi naye akachukua zaidi ya 14. Yaani karibu watu watatu kati ya wanne waliopiga kura hawakumpigia mbunge wanayemwita wao leo. Na kuna waliopita kwa chini ya hapo, Belfast South mwaka 2015 kiti kilichukuliwa kwa asilimia 24.5.

Kwenye jimbo moja unaweza kusema aah, ni mbunge mmoja tu. Kwa rais mambo ni mazito zaidi.

Korea Kusini mwaka 1987 watu walijaa barabarani mwezi wa sita mpaka utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan ukakubali uchaguzi wa rais wa kura za wananchi moja kwa moja, wa kwanza tangu 1971. Watu walipigwa mabomu ya machozi kupata hiyo haki. Halafu upinzani ukaja na vigogo wawili, Kim Young-sam na Kim Dae-jung, wote wameteseka chini ya utawala ule, wote wana wafuasi wao wa damu, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Desemba ikafika, Roh Tae-woo, jenerali mstaafu na rafiki wa karibu wa Chun, akapata asilimia 36.6. Kim mmoja akapata 28, Kim mwingine 27. Jumlisha wewe mwenyewe, 55. Rais akawa Roh.

Miaka mitano baadaye Kenya, Desemba 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya muda mrefu, ni kama mtu kachukua karatasi ile ile akainakili. FORD, ile iliyoanzishwa 1991 kudai vyama vingi, ilishapasuka vipande viwili kabla hata ya siku ya kura, FORD-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba, na pembeni yuko Mwai Kibaki na chama chake cha DP. Daniel arap Moi, rais aliyekuwa madarakani, akapita na asilimia 36 na kidogo. Yalikuwepo malalamiko mengi ya jinsi uchaguzi ulivyoendeshwa na sitaki kuyafuta, pia kulikuwa na sharti la kupata robo ya kura kwenye mikoa mitano kati ya minane, ila hata ukiyaweka yote hayo pembeni ukweli unabaki kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliopiga kura walikuwa upande wa pili na walikuwa wamegawana. Mwaka 2002 wapinzani waliposhikana mikono kwenye muungano wa NARC nyuma ya mtu mmoja, Kibaki alizoa zaidi ya asilimia 60.

Hapa lazima niwe mkweli, huwezi kuchukua kura za Kim mmoja ukazihamishia zote kwa Kim mwingine kwenye makaratasi ukasema wangeshinda, kwa sababu Korea ile kura zilikwenda sana kwa mikoa na kuna watu wa upande mmoja wasingempigia yule mwingine kwa hali yoyote. Na Kenya hivyo hivyo. Ninachosema ni kwamba kanuni haikuwapa wapiga kura nafasi ya kulijibu hilo swali. Ingekuwepo duru ya pili wangelijibu wenyewe, tungejua, na wala tusingekuwa tunabishana mpaka leo nani alimsaliti nani. Ufilipino mwaka 1992 wagombea wa urais walikuwa saba, Fidel Ramos akawa rais na chini ya asilimia 24. Wafilipino wengi waliobaki walikuwa wanataka nini? Hakuna aliyewauliza.

Mfaransa mmoja, Maurice Duverger, aliandika kuhusu hili miaka ya 1950 na maelezo yake bado yanafanya kazi. Alisema mfumo huu unavisukuma vyama kubaki viwili, na unasukuma kwa njia mbili: kwanza unakinyima viti chama cha tatu hata kama kina watu, na pili watu wakishaona hakipati viti wanaanza kukikimbia wenyewe, wanamfuata yule mkubwa wanayemchukia kidogo kuliko mwenzake. Ile "usipoteze kura yako" ndo huo msukumo wa pili. Kwa hiyo dada anayemsihi mdogo wake asimpigie wa tatu anasema ukweli kuhusu hesabu, na mdogo mtu anayekataa naye anasema ukweli kuhusu moyo wake, na wanagombana wao kwa wao wakati kilichowagombanisha ni sheria ya uchaguzi ambayo hakuna kati yao aliyeiandika.

Turudi bungeni, kwa sababu huko kuna kitu ambacho kwenye urais hakionekani: kura zako zinakaa wapi. Uingereza tena, mwaka 2015. Chama cha UKIP kilipata kura karibu milioni 3.9, asilimia 12.6, kikaambulia kiti kimoja. Kimoja! SNP ya Scotland ikapata kura kama milioni 1.45, viti 56. Sio kwamba kuna aliyependelewa na tume, ni kwamba watu wa UKIP walikuwa wametapakaa nchi nzima, huku wa pili, kule wa tatu, na wa pili hapewi kitu, wakati wa SNP wote wako Scotland na kule wanaongoza karibu kila jimbo. Mimi siasa za UKIP sizipendi hata chembe, lakini watu karibu milioni 4 kuwa na mtu mmoja bungeni ni jambo ambalo hata ukiwachukia unatakiwa ulikatae, kwa sababu kesho ni zamu ya unaowapenda.

Halafu linganisha Labour hao hao kwa miaka miwili tofauti. Mwaka 2017 walipata kura kama milioni 12.9, asilimia 40, wakashindwa, viti 262. Mwaka 2024 walipata kama milioni 9.7, asilimia 33.7, wakapata viti 411 kati ya 650. Wamepoteza kura milioni tatu, wameongeza viti karibu 150! Ukimwambia mtoto wa darasa la tano hesabu hii atakwambia umekosea kunakili ubaoni. Maelezo ni kwamba 2024 kura za mrengo wa kulia ziligawanyika kati ya vyama vya Conservative na Reform, na pia kura za Labour zilikaa vizuri, zilitosha pale zilipotakiwa kutosha bila kurundikana sehemu moja. Reform wenyewe asilimia 14.3 viti vitano, Liberal Democrats waliokuwa nyuma yao kwa kura, asilimia 12.2, wakapata viti 72.

Kuna kesi ambayo kila nikiisoma nachoka. Afrika Kusini, 1948. Waliokuwa wanapiga kura karibu wote ni weupe, na huo peke yake ni udhalimu mkubwa kuliko kanuni yoyote ya kuhesabu, hilo lazima lisemwe kwanza. Lakini hata ndani ya hao waliokuwa na kura, chama cha Jan Smuts, waziri mkuu wa wakati huo, kilipata karibu nusu ya kura zote, asilimia 49, na kile cha D. F. Malan kilichokuja na sera ya apartheid, yaani ubaguzi wa rangi, kilipata kama asilimia 38. Viti? Malan 70, na washirika wake wa Afrikaner Party 9, jumla 79. Smuts 65, na kiti chake mwenyewe cha Standerton akakipoteza. Sheria iliruhusu majimbo ya mashambani yawe na wapiga kura wachache kuliko ya mijini, na Malan nguvu yake ilikuwa mashambani, wakati Smuts alikuwa anashinda mijini kwa kura nyingi zisizokuwa na kazi, kama zile za ziada nilizosema kwenye meza yetu. Sidai kwamba Smuts alikuwa mtetezi wa weusi, hakuwa. Ila apartheid kama mfumo rasmi wa serikali iliingia madarakani na kura chache kuliko za mpinzani wake, na waliopiga kura wakiwa kikundi kidogo tu cha watu wa nchi ile. Na nchi hiyo 1994 ilipopata uchaguzi wa watu wote iliachana na majimbo ya kiti kimoja, ikachukua uwiano wa kura, yaani chama kinapata viti kulingana na kura zake.

Jirani yao Lesotho waliyaona kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 1993 chama cha BCP kilipata kama asilimia 75, kikachukua viti vyote 65, wale robo nyingine hawakupata hata kimoja. Mwaka 1998 chama kipya cha LCD kikapata kama asilimia 60, viti 79 kati ya 80. Fikiria wewe ni wa BNP, chama cha upinzani, mmepata karibu robo ya kura za nchi na mna mbunge mmoja, utaamini kweli uchaguzi ulikuwa wa haki? Watu wakakusanyika kwenye geti la ikulu ya mfalme, katika mji mkuu Maseru, wiki zikapita, Septemba majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia, maduka ya katikati ya mji yakachomwa moto, watu wakafa. Baada ya hapo wakakaa wakabadilisha kanuni. Uchaguzi wa 2002 ukawa na viti 80 vya majimbo na 40 vya kusawazisha kulingana na kura. LCD wakashinda tena, wakaunda serikali, ila safari hii BNP na asilimia 22 zao wakapata viti 21, wakaingia ndani kubishana kwa mdomo.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja na sio za kupuuza. Ni rahisi, mtu asiyejua kusoma anaelewa, na kuhesabu ni haraka, India mwaka 2024 walipiga kura watu zaidi ya milioni 640 na wakahesabu ndani ya siku moja. Unamjua mbunge wako kwa sura na jina, akiharibu unamtoa yeye, haji kujificha kwenye orodha ya chama. Hiyo ya mbunge naikubali kabisa. Ila hoja ya kwamba unaleta serikali imara siku hizi imechakaa, Kanada 2019 na 2021 hakuna chama kilichopata wingi bungeni, na mara zote mbili chama cha Liberal kilichounda serikali kilikuwa na kura chache kuliko kile cha Conservative. Na kwa upande mwingine nisiuze duru ya pili kama dawa ya kila ugonjwa, Ufaransa 2002 wagombea walikuwa 16, mrengo wa kushoto ukagawanyika vipande vipande, Lionel Jospin wa mrengo huo akapata 16.2 na Jean-Marie Le Pen wa mrengo mkali wa kulia 16.9, Jospin akatolewa kabla ya fainali. Ugonjwa ule ule ulihamia kwenye duru ya kwanza. Tofauti ni kwamba duru ya pili iliwapa watu nafasi ya kusema nani hawamtaki, na walisema, Jacques Chirac, rais aliyekuwa madarakani, akamshinda Le Pen na asilimia 82.

Kwetu huku hizi kanuni zimekuwa zikibadilika mbele ya macho yetu na wengi hata hatukushtuka. Tanzania 1995 rais alitakiwa zaidi ya nusu, mwaka 2000 katiba ikarekebishwa ikawa mwenye kura nyingi kuliko wenzake anatosha. Kongo ya Kinshasa 2006 walikuwa na duru mbili, Januari 2011 wakaifuta ya pili, miezi michache kabla ya uchaguzi, na rais Joseph Kabila akatangazwa mshindi na asilimia 49. Zambia sharti la zaidi ya nusu waliliondoa 1996, wakaja kupata rais wa asilimia 29 mwaka 2001, Levy Mwanawasa, na 2016 wakalirudisha. Kenya ikaweka nusu ongeza moja kwenye katiba ya 2010. Ukiona serikali iliyoko madarakani inataka kushusha kiwango, jiulize imeona nini kwenye hesabu zake ambacho wewe hujaonyeshwa.

Ila nchi ninayotaka watu waisome ni Malawi. Katiba yao ilisema rais achaguliwe kwa wingi wa kura, na miaka mingi neno hilo "wingi" lilisomwa kama nyingi kuliko mwingine, mahakama yao yenyewe iliwahi kulisoma hivyo. Ndivyo Peter Mutharika alivyopita 2014 na asilimia 36, na 2019 akatangazwa tena na 38.6, wapinzani wake Lazarus Chakwera 35.4, Saulos Chilima 20.2. Baada ya 2019 kesi ikafunguliwa, na Februari 2020 majaji wakayafuta matokeo, kwanza kwa sababu ya kasoro nyingi zikiwemo fomu zilizofutwa kwa wino mweupe, lakini pia wakasema wingi maana yake ni zaidi ya nusu. Angalia kilichofuata. Chilima, yule wa tatu, ambaye chini ya kanuni ya zamani angekuwa anaitwa mharibu kura mpaka leo, akawa mgombea mwenza wa Chakwera, kwa sababu sasa kila upande ulikuwa unahitaji nusu na hakuna aliyekuwa nayo peke yake. Juni 2020 wakarudi vituoni, nchi ile ile, miezi 13 tu imepita, Chakwera akapata karibu asilimia 59. Na 2025, baada ya miaka mitano ya hali ngumu, Mutharika akarudi na kupita akiwa na zaidi ya nusu ya kura, kitu ambacho 2014 na 2019 hakuwahi kukifikia, na Chakwera alikubali kushindwa hata kabla tume haijamaliza kutangaza.